Darasa la waumini wapya mjini Tabora: Jumamosi nane za kujifunza maana ya kuokolewa

Kwa majuma nane mfululizo, kila Jumamosi saa tisa alasiri, nilimsindikiza shemeji yangu katika darasa la waumini wapya linaloendeshwa na kanisa moja la Kiprotestanti hapa Tabora mjini, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama linafaa, naona ni vyema nitoe tathmini yangu kwa maandishi. Darasa halina ada. Gharama pekee ni kijitabu cha mazoezi cha shilingi 3,000, ambacho nakala yetu ilikosa kurasa mbili. Tulikuwa watu kumi na wanane, na hatukufanana hata kidogo: mrina asali mzee aliyehamia mjini kutoka Sikonge, kijana wa bodaboda, vibarua wawili waliowahi kufanya kazi katika mashamba ya tumbaku, na mama mmoja mwenye duka la rejareja, ambaye nitamrudia.

Mwinjilisti aliyetufundisha alianza mahali ambapo sikutarajia, yaani kwenye sarufi. Aliandika ubaoni maneno mawili, kuokoka na kuokolewa, akatuuliza tofauti yake. Mtaani kwetu mtu akisema kwamba fulani ameokoka, wasikilizaji huelewa kwamba ameacha pombe, amebadili mavazi na marafiki, na sasa salamu yake ni "Bwana asifiwe". Wokovu unakuwa sifa ya mwenye kuokoka. Mwinjilisti hakulikataa neno hilo, kwa sababu limo katika Biblia ya Kiswahili: mlinzi wa gereza la Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka, akaambiwa amwamini Bwana Yesu. Lakini alitupeleka Waefeso 2:8, ambapo Paulo anasema "mmeokolewa kwa neema", akatukumbusha kwamba kauli ya kutendwa haiwezi kusimama bila mtendaji, hata kama hakutajwa. Mtu anaweza kuokoka ajalini kwa bahati tu, ila aliyeokolewa lazima yuko aliyemwokoa. Shemeji yangu, ambaye majuma mawili kabla ya hapo alikuwa akijiuliza kama ameshaacha mambo ya kutosha ili akubaliwe, alinyamaza njia nzima tulipokuwa tukirudi nyumbani.

Juma la tatu lilikuwa bora kuliko yote, na kwa haki sifa nyingi ni za yule mama wa duka. Mada ilikuwa kuhesabiwa haki, yaani Mungu kumkubali mwenye dhambi kama mwenye haki, neno ambalo huwasumbua hata waliozaliwa kanisani. Mwinjilisti alitumia mfano wa daftari la wakopaji: jina lako limeandikwa, deni limekuzidi, kisha Mungu anapiga mstari juu yake na mambo yanaisha. Mama akanyosha mkono. "Samahani, Mwinjilisti, deni haliishi hivyo. Nikimsamehe mtu kilo tano za sukari, sukari imeshaliwa na mimi ndiye ninayebeba hasara." Mwinjilisti aliweka chaki mezani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba kipindi chote kilichobaki kingejengwa juu ya maneno hayo. Hapo ndipo msalaba ulipoelezwa kwa namna iliyoeleweka na kila mtu: kwamba msamaha si Mungu kujifanya haoni, bali ni Mungu mwenyewe, ndani ya Kristo, kuibeba hasara ambayo sisi tuliisababisha. Ningeongeza jambo moja tu lililokosekana. Kufuta deni humrudisha mtu kwenye sifuri, ilhali Warumi 4, ikimtaja Ibrahimu, inasema imani yake ilihesabiwa kwake kuwa haki, maana yake ukurasa wake haukuachwa mtupu.

Vibarua wetu wawili hawakuhitaji maelezo marefu juu ya Warumi 6:23, isemayo kwamba mshahara wa dhambi ni mauti bali karama ya Mungu ni uzima wa milele, kwa kuwa tofauti ya mshahara na karama waliijua mgongoni. Mzee mrina asali ndiye aliyeuliza lililokuwa vichwani mwa wengi: kama wokovu ni wa bure, kuna haja gani ya kuacha dhambi? Mwinjilisti alimsomea swali hilohilo kutoka mwanzo wa Warumi 6, pamoja na jibu la Paulo, "Hasha!" Mzee akatafakari, akasema kwamba hata nyuki hatengenezi asali ili apate kuwa nyuki, nasi tukaendelea na Waefeso 2:10, isemayo kwamba tuliumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema.

Kasoro zipo, na mbili kati yake si ndogo. Somo la ufufuo lilipewa dakika arobaini tu, tena huku kwaya ikifanya mazoezi chumba cha pili, ingawa Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 15 kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Mgeni angeweza kuondoka akidhani kwamba habari ya wokovu inakoma Ijumaa Kuu. Kasoro ya pili ilinigusa mimi binafsi, niliyelelewa katika familia ya Kikatoliki: tuliambiwa kwa sentensi moja kwamba Wakatoliki hufundisha kuokolewa kwa matendo. Hilo si sahihi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na makanisa ya Kilutheri yalitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, si kwa stahili yetu, na Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Tofauti hazikuisha siku hiyo, lakini muumini mpya hapaswi kuanza safari kwa kumsingizia jirani yake. Nilimweleza mwinjilisti baada ya kipindi, akanisikiliza kwa heshima, na juma lililofuata alirekebisha mbele ya darasa. Kuhusu ubatizo wa watoto na wa watu wazima, tuliombwa tusibishane, nasi hatukubishana wala hatukujifunza.

Pamoja na hayo ningempeleka ndugu mwingine bila kusita, hasa anayeogopa kuuliza maswali kanisani siku ya Jumapili. Abebe Biblia yake, kwa sababu za darasani ni nne tu, ahesabu kurasa za kijitabu kabla ya kulipa, na akae upande wa mlango, mbali na dirisha la chumba cha kwaya.