SSD, Mtandao au Kadi? Mwongozo wa Kununua Hifadhi ya Picha za Safari

Kila msimu wa likizo unapokwisha, wasomaji huniandikia malalamiko yanayofanana kuhusu picha zilizopotea safarini. Nilipoyapanga kwa sababu zake, niliona kwamba kuibiwa kamera au simu kuangukia majini, mambo ambayo kila msafiri huyaogopa, siyo yanayotajwa mara nyingi zaidi. Wengi hueleza kwamba walinakili picha kwenye diski ya nje, wakaona majina ya mafaili yote yamejipanga vizuri ndani ya folda, wakafuta kadi ili waendelee kupiga, kisha waliporudi nyumbani wakakuta mafaili mengi hayafunguki, au yanaonyesha kipande cha juu cha picha na rangi ya kijivu chini yake. Picha hizo ziliharibika katika zile dakika chache za kunakili, na mara nyingi chanzo chake ni waya uliolegea.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, uzito wala umbo, kwa kuwa hayo muuzaji yeyote atakueleza. Kasi, ambayo huandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye kila kisanduku, nitaigusa mara moja tu ili niiweke kando. Kadi ya SD ya kiwango cha UHS-I, ambayo hutumika katika kamera nyingi za wasafiri, kwa mujibu wa kiwango hicho haisomwi kwa zaidi ya megabaiti 104 kwa sekunde. Gigabaiti 64 za picha zitachukua zaidi ya dakika kumi kutoka kwenye kadi ya namna hiyo, iwe diski inayozipokea inaandika megabaiti 1,000 kwa sekunde au 2,000. Msafiri anayeongeza fedha ili apate kasi hiyo ya pili ananunua kitu ambacho kadi yake haitakitumia, na sijapata kumsikia muuzaji akimweleza mteja jambo hilo.

Kinachonishughulisha mimi ni tundu la waya. Diski nyingi za nje hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, mfumo wa mafaili ambao Microsoft iliuanzisha mwaka 2006 na unaopendwa kwa sababu Windows na Mac huusoma na kuuandika bila programu ya ziada. Mfumo huo hauna daftari la kuandikia mabadiliko yaliyo njiani, kama lile lililomo katika NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, ambalo huisaidia kompyuta kurekebisha mambo baada ya kukatizwa. Waya ukipoteza mawasiliano kwa sekunde moja, jina la faili huweza kuwa limekwisha kuandikwa ilhali maudhui yake hayajafika yote. Wakati mwingine huharibika lile jedwali linaloonyesha kila faili liko wapi, na hapo hata picha ulizonakili jana yake hupotea pamoja na za leo. Mtu anayenakili mezani nyumbani huenda asikutane na tatizo hili kabisa. Msafiri hunakili akiwa ndani ya basi, kitandani au sakafuni karibu na soketi ya umeme, kompyuta mpakato ikiwa mapajani na diski ikining'inia pembeni.

Tazama basi tundu lenyewe kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Diski ngumu (hard disk, zile zenye sahani inayozunguka ndani) nyingi za bei ya kawaida bado zina tundu pana na jembamba liitwalo Micro-B, lenye sehemu mbili zilizokaa kando kwa kando, ambalo hulegea kadiri linavyochomekwa na kuchomolewa, na ambalo waya wake si rahisi kuupata ukiupoteza ugenini. Kuna vifaa vingine ambavyo waya wake umefungwa moja kwa moja kwenye kifaa. Hivyo navikataa bila mjadala, kwa sababu waya ukikatika ndani, kifaa kizima kinakuwa hakitumiki. Chagua chenye tundu la USB-C, kisha umwombe muuzaji akuruhusu ukichomeke kwenye kompyuta. Anza kunakili faili kubwa, na wakati linaendelea kunakiliwa, inua diski uigeuze taratibu upande huu na huu. Ikitoweka kwenye skrini hata mara moja, mrudishie. Wauzaji wengi huona jaribio hili kuwa usumbufu, na wako wanaodai kwamba kisanduku kikishafunguliwa bidhaa imeshauzwa. Muuzaji wa namna hiyo hastahili fedha zako.

Nunua na waya wa pili wa data siku hiyo hiyo. Nyaya za USB-C za kuchajia simu hufanana kabisa na za data, lakini nyingi hupitisha data kwa kiwango cha USB 2.0 tu, yaani megabiti (siyo megabaiti) 480 kwa sekunde, na baadhi huwa zimetengenezwa kwa uzembe kiasi kwamba kichwa chake hakishiki vizuri.

Baada ya vigezo hivyo, nafasi ya kwanza naipa Samsung T7 Shield, na sifichi kwamba naipendelea kuliko zote. Ni SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachozunguka ndani, na imevishwa ganda la mpira lisiloteleza, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa pambo, ilhali ndilo linaloizuia diski kuteleza na kuuvuta waya wakati wa kunakili. Hutoka na nyaya mbili, mmoja wenye USB-C pande zote mbili na mwingine wa kuchomeka kwenye tundu la zamani la USB-A. Kiwango chake cha IP65 kina maana kwamba vumbi haliingii na kwamba hustahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Hakina maana kwamba unaweza kuitumbukiza majini, ingawa matangazo hupenda kuwaacha watu wadhani hivyo. Samsung inasema hustahimili kuanguka kutoka mita tatu. Unaweza pia kuiwekea nenosiri, ili atakayeiokota asione picha za familia yako, lakini nenosiri hilo liandike mahali salama, kwa sababu ukilisahau, picha hutazipata tena. Ukiikosa, Crucial X9 Pro inafuata, nayo ina USB-C na umbo dogo zaidi, ingawa kinga yake dhidi ya vumbi ni ya chini kidogo kwa kuwa ni ya IP55.

Wasomaji wataniuliza kuhusu SanDisk Extreme, kwa sababu inapatikana kila mahali. Mwaka 2023 watumiaji wengi wa Extreme na Extreme Pro walilalamika kwamba diski zao ziliacha kusomeka na mafaili yakapotea. Western Digital, iliyokuwa ikimiliki SanDisk wakati huo, ilitoa sasisho la programu ya ndani ya baadhi ya diski hizo, na mwezi Agosti mwaka huo kesi zikafunguliwa nchini Marekani. Huenda zinazouzwa leo ni nzima. Hata hivyo, kwa picha zisizoweza kupigwa tena, mimi huchagua diski isiyo na historia hiyo.

Nafasi ya pili ni hifadhi ya mtandaoni, na ningependa isomwe kama mwenzi wa SSD, kwa sababu begi likiibwa likiwa na kamera na diski kwa pamoja, hakuna ubora wa tundu utakaokusaidia. Mpiga picha Peter Krogh ndiye anayetajwa kuwa aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Safarini, hapo mahali pengine kwa wengi wetu ni mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zinazogawanywa kati ya barua pepe, Drive na Photos, na ule ukarimu wa kuhifadhi picha bila kikomo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Apple hutoa gigabaiti 5, kiasi ambacho kwa mtu anayepiga video huisha siku ya kwanza, na hakijaongezwa ingawa kumbukumbu za simu zenyewe zimekua mno. Hapo unalazimika kulipa kila mwezi, na siku utakapoacha kulipa nafasi hiyo inakoma.

Kuna mambo mawili ambayo huduma hizi hazikuelezi kwa sauti. Kwanza, iCloud Photos husawazisha: picha ukiifuta kwenye simu ili kupata nafasi, inafutwa na mtandaoni, kisha hukaa siku 30 tu katika sehemu ya zilizofutwa karibuni. Google Photos huziacha zilizonakiliwa mtandaoni kwa siku 60 katika pipa lake, na ina kitufe cha kuondoa kwenye simu zile tu ambazo zimeshapanda, kwa hiyo naipa Google alama zaidi katika hili. Pili, simu yako ikiibwa, utataka kuingia katika akaunti kupitia kifaa kingine, na huduma itatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ile ile iliyoibwa. Google hukuwezesha kuchapisha namba kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane. Zichapishe kabla ya kuondoka na uziweke mbali na simu.

Nafasi ya tatu ni kadi za ziada. Ikiwa kamera yako ina nafasi mbili za kadi, iweke iandike kila picha kwenye zote mbili. Ikiwa ina moja, nunua kadi za kutosha safari nzima na usifute hata moja mpaka ufike nyumbani. Hapa ndipo hasira yangu kwa wauzaji inapozidi, kwa sababu kadi bandia ni nyingi mno. Kadi huandikwa gigabaiti 256 ilhali ndani ina 16, na imechezewa ili iidanganye kamera. Inapojaa huendelea kupokea picha bila onyo lolote, ikizitupa au ikiziandika juu ya zilizotangulia. Ijaribu kwa programu ya H2testw au F3, zote mbili za bure, ambazo huijaza kadi nzima na kuisoma tena. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na ni dhuluma kwamba mnunuzi ndiye anayelazimika kuifanya.

Diski ngumu naiweka ya nne. Ni nafuu kwa kila terabaiti, lakini sahani yake huzunguka huku kichwa kikipita juu yake kwa umbali mdogo sana, na mtikisiko wa gari wakati wa kunakili unaweza kuiua. Ile iitwayo LaCie Rugged ina kinga ya mpira inayosaidia ikiwa imezimwa. Flashi ndogo usizitegemee kwa picha za safari.

Kwa chochote utakachonunua, nakili bila kuhamisha, na tumia programu inayolinganisha nakala na asili, kama TeraCopy kwa wenye Windows, kabla ya kufuta kitu. Usiifariji nafsi yako kwa waranti, kwa sababu ile ya T7 Shield ni ya miaka mitatu na, kama za watengenezaji wengine, hufidia kifaa tu. Utapewa diski mpya iliyo tupu, na gharama ya kujaribu kuziokoa picha ni yako mwenyewe. Kampuni zinazotoza fedha nyingi kwa ajili ya kasi isiyotumika zingeweza kuandika kwenye kisanduku aina ya tundu, kiwango halisi cha waya uliomo, na ni mara ngapi tundu hilo linaweza kuchomekwa kabla ya kulegea. Mpaka zitakapofanya hivyo, nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe.