Uzoefu wangu: chaneli ya The Curiosity Show kwenye YouTube

Anayetaka sayansi ya watoto yenye rangi kali na muziki usionyamaza, hapa si pake. Utakutana na wanaume wawili, Rob Morrison na Deane Hutton, meza, mkasi na gundi. Kipindi chenyewe cha televisheni kilitengenezwa Adelaide, kikarushwa na mtandao wa televisheni wa Nine wa Australia kuanzia 1972 hadi 1990. Mwanzoni watangazaji walikuwa wengi, mwishowe wakabaki hao wawili. Mwaka 1984 kilitwaa tuzo ya Prix Jeunesse, ya kimataifa kwa vipindi vya watoto, mjini Munich. Zama hizo watoto wa Australia walikuwa na saa yao: tangu 1979 stesheni za biashara zililazimika kuwatengea saa 10 hadi 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sifa yao kubwa ni kwamba kamera haibanduki mikononi. Chukua zumari ya mrija, kazi ya aina yao hasa. Mrija uwe wa plastiki, upana milimita 5 au 6. Bana ncha moja kwa kucha, urefu wa sentimita 2, mpaka ilale bapa. Kata pembe zote mbili mshazari, ibaki ncha kama paa la nyumba, mkato usizidi sentimita 1 na nusu. Ingiza mkato wote mdomoni, midomo ishike nyuma yake, bana kidogo, puliza kwa nguvu. Zumari ya pwani nayo hulia hivyo hivyo: ndimi mbili zinafunga na kufungua njia ya hewa upesi sana.

Hewa ikipita bila mlio, ndimi zimeachana, bana upya. Isipopita kabisa, umekaza mno. Mlio ukikatikakatika, angalia mkasi: ukiwa butu huacha ulimi mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mrija wa karatasi hulia kwa muda mfupi tu, kisha mate yanaulegeza. Wa silikoni usihangaike nao, ni laini mno. Mrija ukilia vizuri, mwenzako aukate kidogo kidogo kwa upande wa mbali huku wewe unapuliza, na kila kipande kikidondoka sauti inapanda. Mrija wa sentimita 20 ukibaki 10, umepanda karibu oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya juu yake. (Mkasi ukae mbali na pua, tafadhali.)

Kasoro zipo. Video ni vipande vifupi vilivyokatwa kutoka vipindi kamili, kwa hiyo anayetaka kufuata historia ya kipindi mwaka kwa mwaka atapotea. Lafudhi ni ya Australia, na maandishi yanayotengenezwa na mashine huikosea mara kwa mara. Kwa mtoto asiyejua Kiingereza nashauri uzime sauti umweleze mwenyewe. Kazi za mikono zinaeleweka, mafumbo ya maneno hapana. Vipimo ni sentimita na gramu, afadhali kuliko chaneli za Marekani zenye inchi zake.

Kuhusu bando: picha ni ya zamani, ina umbo la televisheni ya mgongo, hivyo 240p inatosha. Ukiweka 1080p unachoma bando bure, chenga zinabaki zile zile.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya mpangilio.