Blogu ya Darasa kwa Insha za Kiswahili: Tathmini ya Blogger

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiitumia Blogger, huduma ya kutengenezea blogu mtandaoni, kufundishia insha za Kiswahili katika kidato cha pili, kwenye shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Masaka, Uganda, na kwa kuwa walimu wenzangu huniuliza kama inafaa, nimeona niandike tathmini hii. Huduma yenyewe ni kongwe: ilianzishwa mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003, na haina mapambo mengi. Hata hivyo ni ya bure, inafunguka kwenye kompyuta kuukuu za maabara yetu, na mwalimu asiye fundi anaweza kuchapisha ukurasa wake wa kwanza kabla kipindi hakijaisha.

Uzuri wake niliuona kwa mwanafunzi mmoja aliyeandika jinsi bibi yake anavyopika matoke. Ingekuwa daftarini, ningesahihisha upatanisho wa ngeli kwa kalamu nyekundu na mambo yangeishia hapo. Kwenye blogu, insha hiyo ilisomwa na wanafunzi wa rafiki yangu anayefundisha Tanga, na msichana mmoja wa huko akauliza: ndizi hizo ni mbivu au mbichi, na mbona zinafungwa majani badala ya kuungwa kwa nazi? Mwandishi wetu, ambaye hakuwahi kudhani kwamba yupo mtu asiyelijua jambo hilo, aliandika upya bila kuambiwa na mtu: namna ndizi mbichi zinavyomenywa, zinavyofungwa kwenye majani ya mgomba, zinavyopikwa kwa mvuke juu ya vikonyo vya majani hayohayo, kisha zinavyobonyezwa zikiwa bado motomoto ndani ya furushi. Furushi lenyewe hakulipatia neno la Kiswahili lililomridhisha, akaliita omuwumbo na kulieleza kwa sentensi mbili nzuri kuliko zote katika insha.

Hilo si jambo dogo kwetu. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima mwezi Julai 2022, lakini mwanafunzi wa huku akishatoka darasani ni nadra kumpata wa kuzungumza naye. Blogu inampa msomaji.

Gharama ya intaneti haikutusumbua kama nilivyohofia, ingawa tangu Julai 2021 bando hutozwa kodi ya asilimia 12, kwa sababu kurasa za maandishi matupu hula data kidogo. Picha ndizo nilizozipiga marufuku. Kilichotusumbua ni mtandao wa shule, ambao ulikatika katikati ya kipindi na kumpotezea kijana mmoja aya nne alizokuwa akizichapa moja kwa moja. Tangu siku hiyo wote huandika kwanza kwenye karatasi, na nimegundua kwamba wakati wa kuchapa ndipo wanapoyaona makosa yao wenyewe.

Mwalimu anayetaka kuanza ajue kwamba kazi kubwa ni ya kwake. Mimi nimechagua maoni yote yapite kwangu kabla ya kuonekana, na hilo hunila Jumamosi asubuhi. Akaunti ni moja tu, yangu, wanafunzi hutumia jina la kwanza pekee, na sichapishi cha mtoto kabla mzazi hajatia saini, maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto.

Muhula uliopita yule mwandishi wa matoke, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alikuja ofisini akaniomba niifute insha yake, kwa kuwa wenzake walikuwa wakiisoma bwenini kwa kucheka Kiswahili chake cha zamani. Nilijaribu kumshawishi, akakataa, nami nikaifuta. Na pamoja nayo likaondoka swali la msichana wa Tanga.