Klabu ya zamani ya kulenga visahani, magharibi mwa Minneapolis: maoni yangu baada ya msimu mzima wa binti yangu

Hii nawaandikia wazazi wenzangu wa Brooklyn Park, Brooklyn Center na kwingineko huku Minnesota, ambao watoto wenu wa hai skuli wamewaletea ile fomu ya timu ya kulenga visahani, ule mchezo wa kupiga kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani, na nyinyi mkaibandika kwa friji mkasema tutaona. Binti yangu amemaliza msimu mzima kwenye klabu ambayo shule yao inatumia, klabu ya zamani kweli, ya tangu huko kote kulikuwa mashamba ya mahindi, na swali ninaloulizwa kila Jumapili baada ya ibada ni moja, mama, kuko salama kweli? Kuko salama. Nitaeleza nimeona nini, pamoja na yale ambayo hayakunipendeza maana yapo.

Najua tunatoka wapi. Kwetu bunduki ni ya askari, ya jambazi, au ya wezi wa ng'ombe, hakuna mtoto aliyekua akiambiwa bunduki ni mchezo, kwa hiyo mzazi anayesita mimi simlaumu hata kidogo. Lakini usikatae wala usisaini kabla hujaenda kuona. Nenda jioni ya ligi, keti kwenye benchi nyuma ya mstari, hakuna wa kukulipisha wala kukuuliza umefuata nini.

Utakachoona kwanza ni kibanda kifupi kimezama nusu ardhini, ndani kuna mashine ya kurushia ambayo inajigeuza kulia na kushoto muda wote ndio usijue kisahani kitatokea upande gani. Nyuma ya kibanda, yadi 16, kuna vituo vitano na wapigaji watano, kila mtu anapiga mara tano kisha wote wanasogea kituo kinachofuata, mpaka kila mmoja amefikisha 25, hiyo ndiyo raundi moja ya trapu, ndivyo unavyoitwa mchezo wa namna hii. Kisahani chenyewe ni kidogo, upana milimita 108, kimetengenezwa kwa unga wa chokaa na lami, kinapakwa rangi ya machungwa. Ukiita "pul!" maikrofoni inasikia na mashine inarusha hapo hapo, mwendo wa kama maili 42 kwa saa, na usipokigusa kinaenda kuanguka kama yadi 50 mbele. Mtoto ana sekunde moja na ushee kufanya kila kitu. Akipata, kinapasuka moshi mweusi hewani, na mimi mwenyewe niliyeenda pale roho mkononi nilijikuta nimesimama napiga makofi.

Sasa usalama, maana ndio umewaleta hapa. Bunduki inatembezwa ikiwa imefunguliwa, mtu yeyote akiangalia anaona mwanga kwenye mtutu, hakuna kitu ndani. Risasi inaingia ukiwa umesimama kituoni na mtutu unatazama mbele, na ni moja tu kwa wakati. Hakuna kusogea mpaka yule wa mwisho amalize zake tano. Miwani na vizibo vya masikio kila mtu, hata wewe wa kwenye benchi. Na sheria hizi si za kutundika ukutani tu, nimemwona kwa macho yangu mwanachama mkongwe, mtu ambaye picha yake ya ujana iko pale ndani, ameambiwa atoke kwenye mstari kwa sababu aligeuka nyuma kuongea na mwenzake bunduki ikiwa imefungwa, na alitoka, hakubishana, akakaa nje raundi nzima. Siku ile ndiyo niliyotulia. Mahali ambapo mzee wa heshima anarudiwa mbele ya watoto na anakubali, hapo mtoto wangu anaweza kukaa.

Na kabla mtoto hajagusa chochote lazima awe na cheti cha usalama wa bunduki, ule mtihani wa DNR, idara ya maliasili ya jimbo, kuna masomo ya kwenye mtandao na siku ya kwenda uwanjani. Kaa nae mkisoma, mimi nilijifunza mengi.

Lakini kitu kinachofanya niisifu klabu hii kuliko vyote ni wale wazee. Binti yangu anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu, basi mwanzoni akapewa bunduki akaiweka bega la kulia kama wengine, na marisau, zile chembe ndogo zinazotoka ndani ya risasi, yakawa yanapita kushoto ya kisahani, raundi baada ya raundi, mtoto anarudi kwenye gari kimya na bega limevilia damu. Kuna mzee mmoja pale, wa miaka sabini na kitu, fundi umeme mstaafu, akamtazama raundi nzima hasemi neno. Alipomaliza akamwambia nyoosha mikono yote miwili, kutanisha viganja ubakishe kitundu kidogo katikati, nitazame pua kupitia hapo. Akaona jicho linalotazama ni la kushoto! Yaani mkono wake ni wa kulia lakini jicho lake kuu ni la kushoto, kwa hiyo kila akilenga bunduki inavutwa upande ule. Dawa ziko mbili, ama unabandika kipande cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani ili jicho la kulia lifanye kazi, ama unahamisha bunduki bega la kushoto na kuanza kujifunza upya. Hakumwamulia, alimweleza faida na hasara za kila njia akamwachia achague, na binti akachagua kuhama bega, jambo gumu maana hata kusimama kunageuka. Tangu siku ile mzee alikuwa anafika mapema kila jioni ya ligi akiwa na bunduki yake mwenyewe ya geji 20, yaani yenye mtutu mwembamba kidogo, nyepesi, ya bega la kushoto, anamwazima, anasimama nyuma yake. Halipwi hata senti. Binti yangu anamwita babu na mzee anaitika. Mtoto alianza hafikishi visahani kumi kwa raundi, msimu umeisha anapiga 18, 19.

Na wapo wengi wa namna ile, wanaofungua geti, wanaojaza mashine visahani, wanaokaa na karatasi ya alama kwenye upepo. Ligi hii ya shule ilizaliwa hapa hapa Minnesota mwaka 2001, mzee aitwaye Jim Sable aliona wanachama wa klabu yake wanazeeka na vijana hawaji, akaenda kuongea na shule, wakaanza na timu tatu. Sasa hivi wanafunzi ni maelfu kwa Minnesota pekee, na mashindano ya jimbo kule Alexandria kila Juni yanachukua siku kadhaa. Kuanzia darasa la 6 mpaka la 12, wavulana na wasichana wanapiga pamoja, na timu haisafiri kila wiki, kila shule inapiga kwenye klabu ya kwao visahani 50 kwa wiki halafu alama zinalinganishwa mtandaoni. Kwa mzazi anayefanya zamu mbili hiyo ni neema. Kwa wasichana nasema walete kabisa, mchezo huu hauangalii misuli, Kim Rhode, mlenga visahani wa hapa Marekani, amepata medali katika Olimpiki sita mfululizo, 1996 mpaka 2016.

Jengo la klabu lina joto la watu. Kuta zimejaa picha za kina mzee wa miaka ya nyuma, kahawa ya kujiwekea, na rafu ya kofia zilizotobolewa matundu, maana desturi ya trapu ni kwamba ukipiga 25 zote kwa mara ya kwanza kofia yako inarushwa hewani na wenzako wanaipiga, kisha unaiandika tarehe. Kijana mmoja wa timu yetu aliipata, mama yake alilia pale pale. Kuna na bahati nasibu ya nyama, mnanunua tiketi za dola moja moja, mshindi anaondoka na steki na soseji, pesa inaenda kwenye visahani vya watoto.

Haya, yasiyopendeza. Vyoo! Msimu unaanza baridi haijaisha na watoto wanatumia vile vyoo vya plastiki vya nje, vile vya ndani vimefungwa mpaka mabomba yaache kuganda, klabu ya umri ule ingekuwa imeshalitatua. Simu haipokelewi na saa zilizo kwenye tovuti yao si saa halisi, uliza kocha wa shule badala yake. Jumamosi foleni ni ndefu sana. Bunduki za kuazima za bega la kushoto iko moja tu, bila yule mzee binti yangu angekwama. Na siku moja mgeni, si mwanachama, alitutolea maneno ya kuuliza kama tumepotea njia, msimamizi wa siku akaja akamwambia hawa ni familia ya klabu, wewe ukitaka kubaki utulie. Sikulazimika kufungua mdomo, na hilo nimeliweka moyoni.

Kuna na suala la ledi, ile metali yenye sumu ya kwenye marisau. Msilipuuze. Chicago kulikuwa na klabu kubwa ya Lincoln Park, ya tangu 1912, ilifungwa 1991 kwa ajili ya ledi iliyokuwa inaangukia Ziwa Michigan. Hawa wetu wanapiga kuelekea uwanja wa nchi kavu, na wanasema huleta kampuni ya kuchekecha udongo na kuondoa ledi, ila ningependa wabandike tarehe ya mara ya mwisho pale mlangoni kila mtu asome. Wewe kwa upande wako hakikisha mtoto hali chochote mstarini na ananawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kuingia garini.

Gharama: klabu yetu inatoza wanafunzi dola 6 kwa raundi, na boksi la risasi 25 ni kama dola 10, na wiki moja ni raundi mbili, piga hesabu. Shule yetu hununua risasi kwa jumla na ikapungua kidogo. Mwambie kocha wazi kama pesa ni tatizo, kuna mfuko wa kusaidia na hawakutangazi.

Mwisho jambo la nyumbani. Si lazima ununue bunduki, sisi hatuna na hatutanunua, ile anayotumia mtoto inalala kwenye sefu ya klabu au kwa yule mzee anayemwita babu. Sisi watu weusi wa hapa hatujasahau Philando Castile 2016 pale Falcon Heights, mtu wa jikoni ya shule aliyekuwa na kibali halali cha bunduki na bado akapigwa risasi na polisi ndani ya gari akafa, na sitaki bunduki kwenye gari langu njiani. Ukiamua kuwa nayo, ibebe haina risasi, imefungwa ndani ya mkoba wake, kwenye buti. Na angalia karatasi zako kwanza: mwenye grini kadi anaruhusiwa, lakini sheria ya shirikisho inawakataza wengi walio kwa viza za muda kumiliki bunduki au risasi, ina vighairi vyake kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo muulize wakili wa uhamiaji kabla hata ya wewe mzazi kujaribu raundi moja ya kujifurahisha.

Nyota nne kati ya tano natoa, ya tano wakitengeneza vyoo. Fomu za msimu wa machipuko zikitoka jazeni mapema, na nunueni glavu nyembamba zinazoacha kidole kisikie kifyatulio, Aprili pale upepo unakata.