Vikombe vya ushirika vilivyofungwa tayari: vinamfaa nani, na kwa nini haviingii kwenye Misa

Kikombe ni cha plastiki, kidogo kiasi cha kufichika kiganjani. Mdomo wake umezibwa mara mbili. Juu kabisa kuna utando mwembamba unaoonyesha kilicho ndani, na chini yake kijimkate cha duara. Chini ya kijimkate kuna foili, na chini ya foili juisi ya zabibu inayozidi kidogo kijiko cha chai. Huuzwa kwa maboksi ya vikombe 100, 250 au 500 na hukaa miezi mingi bila jokofu. Makanisa mengi yalivizoea mwaka 2020, wakati wa korona, na baadhi hayajarudi kwenye trei na kikombe cha pamoja.

Kabla ya kuvipa alama, kuna kitenzi kimoja cha kukitazama vizuri: kupokea. Mlokole akisema amempokea Yesu, ana maana ya siku aliyoamini, akatubu na kuongozwa sala ya toba. Mkatoliki akisema anakwenda kumpokea Yesu, mara nyingi ana maana ya kukaribia altare na kula komunyo. Mlokole anasimama kwenye Yohana 1:12, “Bali wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu.” Mkatoliki anasimama kwenye sura ya sita ya Injili hiyohiyo, “Aulaye mwili wangu na kuinywa damu yangu anao uzima wa milele.” Bidhaa hii imetengenezwa kwa ajili ya yule wa kwanza, na kasoro zake nyingi zinaeleweka ukilikumbuka hilo.

Tuanze na mikono. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kubandua vifuniko vyote viwili kwa mvuto mmoja: kijimkate kinaruka, juisi inamwagikia nguo. Sababu ni kwamba ncha za utando na foili zimekaa mahali pamoja na zinafanana. Vikombe vizuri huwa na ncha mbili zinazopishana, moja ndefu na moja fupi, au ya foili ina rangi tofauti. Hilo ndilo jambo la kukagua kwanza kwenye sampuli, kabla hata ya kuonja.

Namna ya kufungua isiyoleta aibu ni hii. Shika kikombe kwenye ukingo wa juu, usikibane ubavuni, kwa sababu ukikibana juisi itaruka foili ikifunguka. Inua ncha ya utando peke yake, toa kijimkate, kiweke kiganjani. Subiri maneno ya mkate, kula. Ndipo uibandue foili polepole, ukielekeza upande unaofunguka mbali nawe, na uishie katikati. Nafasi hiyo inatosha kunywea. Kiongozi wa ibada ayaseme haya kwa sauti mapema. Akisahau, nusu ya watu watafungua foili wakati wa maombi, na mlio wa plastiki mia tatu katikati ya kimya cha ibada ni kitu ambacho hakuna kinanda kinachoweza kukificha.

Wazee wenye vidole vigumu, wenye mikono inayotetemeka na wasioona vizuri hawaviwezi vikombe hivi bila msaada. Dawa rahisi ni wahudumu kuwafungulia kabla, au kuwawekea trei ya kawaida. Trei ya kawaida ina matundu 40, na lita moja ya juisi inatosha takriban vikombe 100 ukiweka mililita 10 kila kimoja. Kanisa la watu 80 hujaza trei zake mbili bila shida. Faida halisi ya vikombe vilivyofungwa inaonekana kwenye mikutano mikubwa, ibada za nje, hospitalini na kwa wagonjwa majumbani.

Ladha? Kijimkate hakina ladha ya kutajika, na kikikaa sana karibu na unyevu huwa laini kama karatasi iliyolowa. Juisi kwa kawaida hutokana na zabibu zilizokolezwa kisha kurudishiwa maji, pamoja na asidi ya sitriki na kihifadhi. Ukiweza kuchagua, chukua ya zabibu nyeupe: haiachi doa kwenye zulia.

Juisi badala ya divai si jambo la jana. Mwaka 1869 daktari wa meno Mmethodisti, Thomas Bramwell Welch, akiwa Vineland, New Jersey, alichemsha juisi ya zabibu ili kuua chachu isigeuke pombe, akilenga Meza ya Bwana. Vikombe vya mtu mmoja mmoja vilienea Marekani miaka ya 1890, hofu ya vijidudu ilipoanza kuwaingia watu. Kikombe cha foili kimeunganisha mambo hayo mawili tu.

Sasa sakristia ya Kikatoliki, chumba cha kuandalia Misa. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka mkate wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni usije ukaharibika, na divai ya asili ya tunda la mzabibu isiyoharibika, ikitiwa maji kidogo. Soma orodha ya viungo kwenye boksi ukiwa na kanuni hiyo mkononi. Juisi iliyochemshwa, ikakolezwa na kuongezwa asidi, si divai. Si mustumu pia. Mustumu ni maji ya zabibu yaliyozuiwa kuchacha kwa njia isiyoyabadili, kama kugandisha, na askofu anaweza kumruhusu padre asiyevumilia pombe kuutumia. Kijimkate cha mchele au cha mahindi, ambacho wauzaji hukisifu kuwa hakina gluteni (protini ya ngano), kinaifanya Misa isiwe halali, hata padre awe mtakatifu namna gani. Roma ilisema hivyo mwaka 2003 na ikarudia 2017: gluteni kidogo inakubalika, isiyo na gluteni kabisa haikubaliki. Ndiyo maana watawa Wabenediktini wa Clyde, Missouri, walitengeneza hostia, kijimkate cha Misa, ya wanga wa ngano yenye gluteni ya asilimia 0.01. Na muumini asiyevumilia hata hicho kiasi huruhusiwa kupokea Damu pekee.

Mtu anaweza kudhani hii ni ukali wa mafundi wa sheria. Lakini fuata imani yenyewe. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba dhati yote ya mkate, yaani kile ulicho hasa, inageuka kuwa Mwili wa Kristo na dhati yote ya divai kuwa Damu yake, huku maumbo, yaani sura na ladha, yakibaki kama yalivyo. Kama hicho ndicho kinachotokea, basi swali la kitu gani kipo juu ya altare haliwezi kuwa dogo. Na swali la plastiki linafuata hapohapo. Baada ya komunyo padre husafisha kalisi (kikombe) na patena (sahani ya hostia) kwa maji na kuyanywa, tone lisipotee. Vikombe mia tatu vya kutupwa, kila kimoja na tone lake kwenye kona ya foili, haviwezi kusafishwa hivyo. Vyombo vyenyewe vinatakiwa viwe vya kitu chenye heshima. Tena mlei, muumini asiye kasisi, haruhusiwi kujichukulia mwenyewe komunyo, anapewa. Bidhaa ambayo kazi yake yote ni kujihudumia inagongana na neno “kupokea” katika maana yake ya kawaida kabisa.

Hofu ya kikombe cha pamoja, kwa Mkatoliki, ina jibu lingine la zamani: Kristo mzima yumo katika kila umbo, la mkate na la divai, kwa hiyo anayekula hostia peke yake hajapunjwa. Mtaguso wa Konstanz wa 1415 ulitumia fundisho hilo kuwanyima walei kikombe, na wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka huohuo, walipigana kukidai. Inachekesha kidogo kwamba kikombe kilichodaiwa kwa damu sasa kinagawiwa mlangoni pamoja na ratiba ya ibada.

Waprotestanti nao si kapu moja, na hapa wauzaji huficha mambo kwa kuandika “kwa makanisa yote”. Huko Marburg, Ujerumani, Oktoba 1529, wanamageuzi Luther na Zwingli walikubaliana hoja kumi na nne, wakakwama kwenye hii ya Mwili na Damu. Luther aliandika mezani kwa chaki “Huu ndio mwili wangu” kwa Kilatini na hakusogea. Zwingli akashikilia kwamba “ndio” hapo ina maana ya “inaashiria”. Calvin, mwanamageuzi wa Geneva, baadaye alisema muumini analishwa Kristo kweli, lakini kwa nguvu ya Roho Mtakatifu na kwa imani. Mlutheri makini, basi, atavitazama vikombe hivi kwa wasiwasi unaokaribia wa Mkatoliki: atataka divai, na atauliza mabaki yanakwenda wapi. Mbaptisti au Mpentekoste anayefuata njia ya ukumbusho hana tatizo hilo. Yeye meza yake imechongwa “Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu”, na juisi ya foili inakumbusha sawa na nyingine. Jeshi la Wokovu hawaadhimishi kabisa, kwa hiyo si wateja.

Hata kwa njia ya ukumbusho ipo kasoro ambayo bei haitibu. Paulo anaandika kwamba mkate ni mmoja, nasi tulio wengi tu mwili mmoja, kisha anawakemea Wakorintho kwa sababu kila mmoja anatangulia kula chakula chake mwenyewe. Chakula kilichofungiwa kila mtu na foili yake kinasogea upande uleule uliokemewa. Dawa ya nusu: mchungaji aumege mkate mmoja mbele ya wote, na watu wale kwa pamoja, si kila mmoja anapomaliza kubandua.

Tatizo zito zaidi ni kugawa mlangoni. Wapresbiteri wa Uskoti walikuwa na vipande vya madini ya risasi walivyopewa waliohojiwa na wazee. Bila kipande hicho huketi mezani. Kikombe cha mlangoni hakimuulizi mtu chochote. Mtoto anakiona kama peremende, mgeni anakunywa kwa kufuata wenzake, na onyo la 1 Wakorintho 11:29 kuhusu kutokuupambanua mwili linasomwa wakati kimeshanywewa. Kanisa linaloamini kwamba mtu humpokea Kristo kwa kuamini na kukiri ndilo lenye sababu kubwa ya kutogawa hivyo, maana kwao meza inamfuata aliyekwisha kumpokea. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, angeweza kuitetea kidogo. Aliita Meza ya Bwana njia inayoweza kumgeuza mtu. Mkatoliki huanza mahali pengine: ubatizo, na baada yake mtoto wa miaka kama saba, aliyefundishwa, hupokea komunyo ya kwanza, mkubwa mwenye dhambi ya mauti huungama kwanza, na wote hufunga saa moja kabla. Aliyebatizwa kwa jina la Utatu katika kanisa la Kiprotestanti habatizwi tena akiingia Ukatoliki, ila sala yake ya toba haimpeleki moja kwa moja kwenye komunyo.

Kwa hiyo alama ni hizi: nyota nne kati ya tano kwa kanisa la ukumbusho lenye mkutano mkubwa, tatu kwa dogo, mbili kwa Walutheri. Kwa parokia hakuna alama, kama ambavyo huwezi kukipa kiatu alama za kofia.

Ukinunua, agiza moja ya kumi zaidi ya idadi ya watu, kwa sababu vipo vitakavyovuja. Viweke mahali pakavu na baridi ya kawaida, usivigandishe, kwani juisi ikiganda hutanuka na kung’oa gundi ya foili. Usipange maboksi zaidi ya yale yaliyoandikwa ubavuni. Siku mbili kabla ya ibada fungua boksi, geuza vikombe kadhaa juu chini juu ya karatasi nyeupe na uviache saa moja. Karatasi ikilowa, kagua boksi zima. Na tafuta vikapu vya taka vya kutosha mwisho wa kila safu, vinginevyo utaviokota chini ya viti hadi Jumatano.