Unga Limited, Arusha: meza inayotambua chemba na valvu za malori ya zamani

Ukifika kwenye duka hili la spea kuukuu na kusema tu "nataka chemba ya Leyland" (chemba ni kopo linalogeuza upepo kuwa nguvu ya kusukuma breki), utaambiwa ulete hiyo ya zamani. Wako sahihi. Lori la miaka hamsini limeshabadilishiwa ekseli, tela na mara nyingine injini, kwa hiyo jina lililo usoni halitoshi kueleza kilichoko chini. Hapa kifaa huwekwa mezani, kikafutwa, kikapimwa kwa vernia. Spea hutafutwa baada ya hapo.

Kwenye chemba wanastahili sifa zote. Zile zinazofungwa kwa bendi, yaani ukanda wa chuma, hupimwa kipenyo cha nje, bendi ikiwemo: takriban milimita 162 ni namba 16, 172 ni 20, 184 ni 24, na 206 ni 30. Namba ni eneo la kusukuma la diaframu, ule mpira wa ndani unaosukumwa na upepo, kwa inchi za mraba. Kati ya 20 na 24 kuna milimita 12 tu, jicho linadanganyika kirahisi, na ukizichanganya kwenye ekseli moja lori litavutia upande mmoja kila ukikanyaga breki.

Wanapowazidi wengine ni kwenye chemba za kizamani za Bendix-Westinghouse, zile zinazofungwa kwa bolti kuzunguka ukingo na kuitwa kwa herufi. Herufi hizo hazifuati ukubwa: A ni inchi za mraba 12, B ni 24, C ni 16, E ni 9, F ni 36, G ni 30. Muuzaji asiyelijua hilo atakupa C badala ya B akidhani ameongeza nguvu, kumbe ameipunguza. Hapa orodha imebandikwa ukutani, na wanaisoma kweli.

Valvu za WABCO, kampuni ya vifaa vya breki za upepo, nazo haziwasumbui. Namba ya kifaa chake ina tarakimu 10, na tatu za mwanzo hutaja aina: 411 kompresa, 423 chemba, 461 valvu ya mguu, 973 rilei, yaani valvu inayopitisha upepo ikiamrishwa na upepo mwingine. Kibati cha namba kilichopakwa rangi hawakikwangui kwa bisibisi. Hukisafisha kwa tina, kisha hupitisha chaki mpaka tarakimu zionekane. Kibati kikiwa kimeng'oka, husoma alama za matundu: 1 upepo unaingia, 2 unatoka kwenda kazini, 3 unatolewa nje, 4 ni upepo wa kuamrisha. Ukiona 21 na 22, valvu hiyo ina saketi mbili, yaani njia mbili za upepo zilizotengana, wala haiwezi kukaa mahali pa ile ya saketi moja bila kubadilisha mabomba.

Udhaifu wao uko kwenye nyuzi za viungio. Uzi wa bomba wa Uingereza una pembe ya digrii 55, wa Marekani 60. Kwenye robo inchi kuhesabu kunatosha, kwa kuwa wa Uingereza una nyuzi 19 kwa inchi na wa Marekani 18. Kwenye nusu inchi zote mbili zina nyuzi 14. Kiungio kitaingia mizunguko kadhaa, kitakaza vizuri, halafu kitavuja. Wao huhesabu tu, kisha huongeza tepu nyeupe, na vipande vya tepu hiyo husafiri hadi kwenye valvu na kuizuia isifunge. Wadai waweke geji ya kupima pembe ya uzi.

Jambo jingine ni mpira. "Haijatumika" kwao ni sawa na "nzima", na si kweli: diaframu huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Ikunje mbele yao. Ikionyesha nyufa, iache.

Chemba ya springi, ile ya breki ya kuegesha, hawaifungui kabla springi haijabanwa kwa bolti yake. Hapo nawaunga mkono kabisa, springi ile inaua.

Ukishafunga spea, jaza upepo hadi psi 100 (pauni kwa inchi ya mraba), zima injini, kanyaga na ushikilie. Kwa lori lisilo na tela, geji isishuke zaidi ya psi 3 kwa dakika. Pima pia mwendo wa fimbo ya chemba: ya 30 isipite milimita 50, ya 20 na 24 isipite 44.

Unapokwenda, usivue viungio vya zamani kwenye kifaa. Wakivikuta mahali pake, kosa la nyuzi hupungua sana.