Seti ya kuunda longibodi nyumbani: mfuko ni wa kuaminika, karatasi ya maelekezo haitoshi

Kama mikono yako inaujua msasa na una subira ya kuacha gundi ikauke, nunua. Naliweka hilo mbele kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu seti hii ya kujiundia longibodi, yaani ubao mrefu wa magurudumu unaopandwa kwa kusimama, wanataka kujua jambo moja tu: ubao unaotoka humo unahimili barabara, au ni pambo la kutundika ukutani? Unahimili. Mpwa wangu anaupanda kila akipata nafasi, na mimi mwenyewe, seremala wa makabati na meza mwenye kilo 90, nimeupanda.

Ndani ya boksi kuna vinia saba, yaani tabaka nyembamba za mbao, za mti wa mepo (maple), kila moja ikiwa na unene wa milimita 1.6, kipande cha povu gumu cha kuchonga kalibu, mfuko mzito wa plastiki wenye valvu, wavu wa kupitishia hewa, utepe mweusi wa kuzibia mdomo wa mfuko, pampu ya mkono, chupa ya gundi na kiolezo cha karatasi cha kutobolea matundu ya traki, yaani vile vyuma vinavyoshika ekseli. Traki zenyewe, magurudumu, beringi na bolti unajitafutia. Zana pia ni zako: msumeno wa jigso, drili, tupa ya mbao, rola ndogo ya kupakia gundi na msasa wa kutosha.

Mfuko ndio unaobeba kazi yote: vinia zilizopakwa gundi zinalazwa juu ya kalibu humo ndani, kisha hewa inatolewa. Aliyewahi kugandisha vinia kwa majiliwa anaijua tabu yake: unakaza hapa, pale panaachama, unaongeza jiliwa jingine, rundo linateleza kwa sababu gundi bado mbichi. Kwenye umbo lenye mbonyeo, tabu hiyo inazidi mara mbili. Mfuko huu unaifuta. Ukishaitoa hewa ya ndani, hewa ya nje ndiyo inayokandamiza, na inakandamiza kila mahali kwa nguvu ileile. Kwenye usawa wa bahari, hewa inalemea takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Vinia zenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 25 zina eneo la sentimita mraba 2,500. Pampu ya mkono haimalizi hewa yote, lakini hata ikitoa robo tatu tu, ubao wako umelaliwa na karibu tani 2. Karakana yangu ina majiliwa mengi, na yote kwa pamoja hayanipi mkandamizo uliosambaa namna hiyo.

Dakika za mwanzo ni raha kuzitazama. Plastiki inajikunja, inanyonywa kwenye kingo, wavu unajichora juu yake, na vinia zinalia kidogo zikikubali kulala kwenye bonde la kalibu. Kisha gundi inachomoza pembeni, vitone vidogo vidogo vilivyopangana. Hivyo ndivyo ninavyovitafuta. Vikiwa mfululizo kuuzunguka ubao wote, gundi imetosha. Palipo pakavu, gundi ilikuwa haba, na hapo ndipo tabaka zitakapoachana siku za mbele. Valvu ilishika usiku kucha. Asubuhi nilibonyeza mfuko kwa kidole, ukawa bado mgumu. Kwa kifaa cha kuuzwa na pampu ya mkono, nakipa heshima yake.

Povu nalo wamechagua vizuri. Ni lile gumu la kuzuia joto kwenye kuta, linalochongeka kwa tupa na kulainishwa kwa msasa, na halibonyei chini ya mzigo huo. Nasisitiza kwa sababu kuna wanaotaka kuokoa fedha kwa kutumia povu jeupe jepesi la kufungashia televisheni. Lile linaweza kusinyaa ndani ya mfuko, na ubao unatoka na umbo ambalo hukulichonga. Mimi nilichonga mbonyeo wa sentimita 1 katikati ili miguu ipate pa kujishika, na mbinuko mdogo kutoka mbele hadi nyuma, ili ubao ulale sawa uzito wa mtu unapoukalia. Viringisha pembe zote za povu kabla ya kuliingiza, zisije zikatoboa mfuko.

Sasa karatasi ya maelekezo. Hapa watengenezaji wametuangusha. Sentensi nzima kuhusu gundi inasema upake kisha uweke kwenye mfuko, basi. Gundi iliyomo ni ile ya maji ya kundi la PVA, aina ya D4, inayovumilia unyevu vizuri kuliko gundi za kawaida za mbao. Lakini gundi za namna hii huanza kushika ndani ya takriban dakika 10 tangu zipakwe, na kwenye joto kali muda huo unapungua zaidi. Mtu wa mara ya kwanza anayepaka nyuso zote za vinia saba, azipange, azifunge kwa utepe, aziingize mfukoni, azibe mdomo, kisha ndipo aanze kupampu, muda hautamtosha. Ziba mdomo wa mfuko pande zote isipokuwa mmoja kabla hujafungua chupa ya gundi. Fanya zoezi zima likiwa kavu kwanza, pamoja na kupampu. Mwite mtu wa kukusaidia. Maneno haya matatu yalistahili kuchapwa kwa herufi kubwa.

Mpangilio wa vinia nao haukuelezwa, na huo ndio moyo wa ubao. Kati ya vinia saba, tano nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, na mbili zinakwenda kwa upana. Zile mbili zinakaa nafasi ya 3 na ya 5. Kazi yake ni kuuzuia ubao usipasuke kwa urefu unapokanyagwa kwenye kingo. Na lazima zipangwe kwa ulinganifu, kila tabaka la juu liwe na mwenzake chini, kwa sababu mbao inavuta unyevu na kutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu. Ukiharibu ulinganifu, ubao utajipinda wenyewe ukiwa umeegeshwa tu. Kwenye boksi langu vinia hazikuwa na alama yoyote. Seremala ataona nyuzi kwa macho. Kijana anayeanza atazipanga jinsi zilivyotoka. Namba saba za penseli zingetosha.

Nikiutoa ubao kwenye mfuko, siukati siku hiyo. Gundi ya maji inaingiza unyevu kwenye vinia, na unyevu huo unahitaji muda wa kutoka. Niliuacha umesimama, hewa ikipita pande zote mbili.

Kuhusu unene, nina neno na watengenezaji. Vinia saba zinatoa milimita 11.2. Kwa mpwa wangu, ambaye ni mwembamba, mnepo wake ni mtamu mno. Alipokata kona ya kwanza alinigeukia akisema, "Mjomba, nikiinama unanirudisha!" Mimi nikipanda, tumbo la ubao linashuka zaidi ya ninavyopenda. Ugumu wa ubao unakua kwa mchemraba wa unene wake: ongeza vinia mbili, unene ufike milimita 14.4, na ugumu unazidi maradufu. Kwa hiyo tofauti ya vinia mbili tu inaamua kama ubao unamfaa mtu wa kilo 55 au wa kilo 90. Boksi linasema unafaa "kwa wote". Haufai kwa wote, na lingeweza kufaa kwa urahisi kama wangetuuzia vinia za ziada ndani ya seti.

Matundu ya traki: toboa kabla ya kukata umbo, wakati kingo zilizonyooka bado zipo za kukuongoza. Traki za kisasa mara nyingi zina matundu sita ili zikubali vipimo viwili, milimita 54 kwa 41 au milimita 63.5 kwa 41. Kiolezo cha kwenye boksi kina kile kifupi tu. Tena ni cha karatasi nyepesi, na karatasi hutanuka ikipata unyevu. Nilipima kwa rula ya chuma kutoka mstari wa katikati, nikatumia biti ya milimita 5, na kibao cha taka chini yake ili vinia ya mwisho isichanike biti inapotokea. Traki mbili zikipishana pembe hata kidogo, ubao utavuta upande mmoja maisha yake yote.

Kwenye kukata, meno ya jigso ya kawaida yanauma yakipanda juu, kwa hiyo upande unaochanika ni ule unaoutazama. Kata ukiwa umeulaza upande wa kukanyagia juu. Michaniko yote itafunikwa na msasa wa kunata, ule unaobandikwa juu ya ubao ili miguu isiteleze, na tumbo la ubao, ambalo ndilo wenzako wataliona ukiubeba, linabaki safi. Msasa namba 80, 120, kisha 220. Vanishi ya poliyurethani, mikono mitatu myembamba, na kingo zipate zaidi, kwa maana nyuzi zilizokatwa vichwa zinakunywa maji kuliko uso wowote.

Kabla hujaingia barabarani, funga magurudumu, simama juu ya ubao, uegemee upande mmoja kwa uzito wako wote, na mtu achungulie chini. Gurudumu likigusa mbao, litakwama ukiwa kwenye mwendo na utarushwa mbele. Magurudumu yangu yana kipenyo cha milimita 70, yaligusa, nikaweka vipande vya mpira vya kuinulia traki. Onyo hili halimo kabisa kwenye karatasi ya maelekezo, na linahusu meno ya watoto wa watu.

Kama unataka ubao wa kuteremka milima kwa kasi, tafuta kitu kingine: mnepo huu utakutikisa. Kwa safari za kawaida na kukata kona kwa starehe, uko sawasawa. Mfuko, wavu, valvu na pampu vinatumika tena na tena. Kinachoisha ni utepe, ambao ukishika vumbi la msasa hauzibi tena, kwa hiyo urudishie karatasi yake kila ukimaliza. Vinia tisa za ubao wangu mwenyewe tayari zimeegemea ukuta wa karakana.